Kambi Kisiwani Mull: Furahia Wanyama, Jihadhari na Kupe



Wengi wetu tulioko Uingereza tunaamini kuangalia wanyama ni mpaka urudi nyumbani, uende Serengeti au Maasai Mara. Kumbe huku huku kuna kisiwa cha Mull, magharibi mwa Uskoti. Feri kutoka Oban hadi Craignure haichukui hata saa moja. Sheria ya Uskoti ya mwaka 2003 inakuruhusu kupiga hema sehemu nyingi za wazi, mradi usisumbue watu wala kuacha takataka.

Siku yenyewe huwa hivi. Asubuhi unakaa kimya kando ya ghuba ya Loch na Keal ukimsubiri fisi maji atoke na samaki wake. Maji yakipwa, sili hujilaza juu ya miamba. Mchana tazama juu: tai mwenye mkia mweupe ana mabawa yanayofikia upana wa mita 2.4. Ndege huyu alimalizwa kabisa Uingereza mwaka 1918, akarudishwa kutoka Norwei kuanzia mwaka 1975. Jioni kulungu wekundu hushuka kutoka milimani.

Sasa tuje kwenye afya. Palipo na kulungu na majani marefu, pana kupe. Usubi watakusumbua sana jioni upepo ukitulia, lakini usubi wa huko hawaambukizi ugonjwa. Kupe ndiye wa kuogopa, kwani baadhi yao hubeba bakteria wa ugonjwa wa Lyme. Bakteria huyu ni ndugu wa yule anayeleta homa ya papasi kule kwetu. Tofauti ni kwamba papasi hujificha kwenye nyufa za nyumba, akuume usiku na kuondoka. Kupe wa Uskoti hungoja kwenye nyasi, akikupata hung'ang'ania siku kadhaa. Mchanga wake ni mdogo kuliko punje ya ufuta, na kuuma kwake hakuna maumivu.

Fanya haya:

1. Vaa suruali ndefu, uichomeke ndani ya soksi. Paka dawa ya kufukuza wadudu.

2. Kila jioni kagueni miili yenu hemani: nyuma ya magoti, kwapani, kinena, kiunoni. Kwa watoto angalia pia kichwani kwenye nywele.

3. Ukimkuta, mshike kwa kibano chenye ncha nyembamba, karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu kwenda juu. Usimminye, usimchome moto, usimpake mafuta. Kisha osha kwa sabuni. Akitolewa mapema, hatari hupungua sana.

Jambo muhimu kwetu watu weusi: dalili ya kwanza mara nyingi ni doa la mviringo linalotanuka, kwa kawaida kati ya wiki 1 na 4, na huweza kuchelewa hadi miezi 3. Picha nyingi huonyesha doa jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu linaweza kuwa la kahawia au zambarau kama jeraha la kugongwa, na ni rahisi kulipuuza. Wengine hawapati doa kabisa. Wanapata homa, kichwa, uchovu na maumivu ya viungo, wanasema "malaria imenirudia" au "mafua tu", wanameza panadol. Ukichelewa, ugonjwa unaweza kuvimbisha magoti au kupoozesha upande mmoja wa uso.

Ukiona dalili hizi, nenda kwa GP wako au piga 111. Mwambie wazi: "Nilipiga kambi Mull, huenda niliumwa na kupe." Kama ulitoka Afrika karibuni, mwambie na hilo pia, apime malaria. Kumwona GP hakulipiwi, na ugonjwa huu hutibika kwa vidonge vya antibiotiki.

Kinga ni bora kuliko tiba. Safari njema!