Salamu isizidi salamu

Wiki ya Final Four, nusu fainali na fainali ya kikapu cha vyuo vya Marekani, kocha wa chuo akikutana mlangoni mwa lifti ya hoteli na mchezaji kijana anayetamani kumsajili, ruhusa yake ni moja tu: amsalimu, apite. Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, zinasema maongezi yoyote ya ana kwa ana yakizidi kusalimiana, hayo tayari ni mazungumzo ya usajili. Kocha wa kutoka pwani yetu angeshavunja kanuni kabla hajamaliza kuuliza habari za nyumbani, za wazee na za tangu juzi.

Siku hizo za kujizuia wenyewe wanaziita kipindi mfu. Kwa kikapu cha wanaume kipindi hicho huanza Alhamisi kabla ya nusu fainali, kikaisha Alhamisi inayofuata saa sita mchana. Siku hizo kocha haonani na kijana wala wazazi wake, iwe kwao au chuoni. Haendi shuleni kwake, hakai jukwaani kumtazama akicheza. Simu na ujumbe, ruksa.

Ukisikia hivyo utadhani kijana ndiye aliyehurumiwa, apumue kidogo. Mimi naona waliohurumiana ni makocha. Chama chao, NABC, kilichoanzishwa mwaka 1927, hufanya mkutano mkuu katika mji huohuo wa Final Four. Sasa chukua kocha msaidizi wa chuo kidogo: yeye yuko ukumbini anasikiliza mada, huku mpinzani wake kaketi sebuleni kwa mama wa kijana wanayemgombea, kikombe cha chai mkononi. Nani angekanyaga mkutanoni? Na wale wanne ambao timu zao bado zinacheza je? Kufika mbali kungekuwa adhabu. Basi wakakubaliana wote waweke mikuki chini kwa wakati mmoja, maana hakuna aliyekuwa tayari kuweka wa kwake peke yake.

Tatizo ni kwamba kanuni imefunga miguu, ikaacha mdomo. Na hata huo mdomo una historia yake. Machi 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye mita 2.21, alikuwa anazuia kila kitu chini ya kikapu cha UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, timu ikielekea Final Four ya Detroit. Mashindano yakiwa yamepamba moto, zikavuja habari kwamba chuo kilikiuka kanuni kikimwania mchezaji mwingine, Thabeet hakuhusika. Februari 2011 NCAA ikamfungia kocha Jim Calhoun mechi tatu. Katika makosa yaliyokutwa kwenye benchi lake la ufundi yalikuwemo ya simu na ujumbe mfupi uliopita kiasi. Juni 2012, chombo hichohicho kikaondoa kikomo cha simu na ujumbe kwa makocha wa kikapu cha wanaume, alimradi kijana awe amemaliza mwaka wa pili wa sekondari yao. Sisemi UConn ilionewa. Nasema muda ule ulikuwa mfupi mno kwa dhambi kugeuka halali.

Kisha ikaja potali ya uhamisho, mfumo ambamo mchezaji anayetaka kuhama chuo huandikishwa jina, mwaka 2018, na baadaye ruhusa ya mchezaji kuhama bila kukaa nje msimu mzima. Hapo ndipo kipindi mfu kilipoanza kuchekesha. Mwaka 2025 dirisha la potali lilifunguliwa tarehe 24 Machi, timu 16 zikiwa bado mashindanoni. Kocha aliyetolewa mapema alikuwa na siku kumi za kupokea wageni chuoni kwake kabla ya kufuli la tarehe 3 Aprili. Aliyebaki alijiandaa kwa mechi mchana, usiku akawa na simu sikioni, akisajili wa msimu ujao na kuwabembeleza wake wasiondoke.

Katika fainali, Florida waliifunga Houston 65 kwa 63 usiku wa tarehe 7 Aprili, mjini San Antonio. Kwetu ilikuwa tayari alfajiri ya tarehe 8. Bingwa akapata kombe, na siku tatu nyingine za kutoruhusiwa kumkaribisha mtu. Kufuli lilifunguliwa Alhamisi tarehe 10, saa sita mchana. Dirisha la potali lilikuwa limebakiza siku 12.