Safina ya Noe Mikononi mwa Watoto

Mnaijua habari ya Noe, iliyoandikwa katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 6 mpaka ya 9. Leo hatutaisimulia tena. Twataka kueleza jinsi habari hiyo ilivyoingia nyumbani mwa watoto wa Ulaya kwa umbo la mchezo wa mti, na ni mikono ya nani iliyouchonga.

Katika Uingereza ya karne ya 19, jamaa nyingi za Waprotestanti waliishika siku ya Mungu kwa ukali sana. Dominika ilipofika, mipira, ngoma na watoto wa bandia viliwekwa kabatini. Lakini safina ya mti iliachwa mezani, kwa kuwa asili yake ni Maandiko Matakatifu. Mtoto aliinua paa, akamtoa Noe na mkewe, na Sem, Kam na Yafet pamoja na wake zao, kisha akawapanga wanyama wawili wawili mpaka mlangoni. Safina kubwa zilikuwa na wanyama zaidi ya mia. Juu ya paa mara nyingi alichorwa njiwa mwenye tawi la mzeituni. Hapa sisi makatekista tuna neno: Mwanzo 7, 2 yasema kwamba wanyama walio safi walichukuliwa saba saba. Mafundi hawakulijali hilo.

Safina nyingi hazikutengenezwa Uingereza. Zilitoka Ujerumani, hasa katika milima ya Erzgebirge, penye kijiji kiitwacho Seiffen. Jina hilo latokana na kazi ya kuosha madini ya bati katika vijito. Wasikilizaji wetu wa Manono wataifahamu pasipo kuelezwa. Bati ilipopungua, wachimbaji walishika kazi ya kukereza mti, na nguvu ya maji iliyoendesha vinu vya kupondea mawe ikaendesha vyombo vya kukerezea. Kuchimba bati kulikoma mwaka 1849, na michezo ya mti ikabaki kuwalisha watu.

Ustadi wao wastahili kuelezwa vema. Fundi alitwaa kipande cha gogo kibichi, chenye maji bado, cha mti wa jamii ya msonobari. Alikizungusha kwa mashine, akikikata kwa patasi mbele na nyuma, hata kikawa pete nene yenye mifereji na vilima. Ukiitazama pete ile, huoni mnyama yeyote. Lakini ukiipasua, kama mtu akatavyo mkate wa mviringo vipande vipande, kila kipande chaonyesha palipokatwa mgongo, tumbo, miguu na kichwa: ni ng'ombe, au ni tembo! Pete moja yatoa wanyama 40 mpaka 60 hivi. Tena fundi hakuiona sura ile alipokuwa akikereza. Aliijua rohoni kwa mazoea. Na nchi ya tembo ilikuwa mbali nao sana. Sisi tunaomjua tembo pengine tungecheka kidogo.

Baada ya kupasua, kazi iliingia nyumbani. Baba alichonga kwa kisu, mama na watoto walibandika masikio, mikia na pembe, wakapaka rangi. Wachuuzi walinunua kwa bei ndogo, basi jamaa haikuweza kushiba pasipo mikono ya wadogo. Watoto walitoka shuleni wakaketi tena mezani, wakipaka rangi mpaka usiku. Tufikiri jambo hili: mchezo uliomruhusu mtoto wa London kucheza siku ya Mungu ulimnyima mtoto wa Seiffen saa zake za kucheza siku sita za juma. Wazazi wale hawakuwa wakatili, njaa iliwabana. Lakini dola iliona haja ya kuingia kati, na sheria ya Ujerumani ya mwaka 1903 iliweka mipaka kwa kazi ya watoto hata ndani ya nyumba za wazazi wao.

Safina za zamani zatunzwa sasa katika majumba ya makumbusho. Seiffen yenyewe ina makumbusho ya michezo tangu mwaka 1953, na huko wageni waweza bado kumtazama fundi akikereza pete, akiipasua mbele yao, na mnyama akitokea.