Je, Wajua? Ukurasa Una Pindo na Mji, Kama Kanga

Ukipita Amani, hapa Unguja, siku za mwisho wa muhula, au wiki chache kabla ya mfungo wa Ramadhani, utazikuta steshenari zimejaa watu. Huyu ameshika fleshi yenye kadi ya harusi, yule ana mtihani wa majaribio wa skuli, na ustadhi anasubiri kijitabu cha dua cha wanafunzi wake wa chuoni. Nyuma ya kaunta yumo kijana na kompyuta yake, naye ndiye anayeamua maneno yakae wapi na picha iwe kubwa kiasi gani. Kazi hiyo ndiyo usanifu wa kurasa. Nimeifanya na kuifundisha kwa miaka, na kila mara humwona mwanafunzi mpya akiingia kwa hofu, akidhani anakuja kujifunza jambo geni. Haya yafuatayo huwa namweleza kabla hajagusa kipanya.

Je, wajua kuwa kanga ni somo la kwanza la usanifu wa kurasa?

Tandika kanga kitandani uitazame. Pande zote nne imezungukwa na pindo. Ndani ya pindo kuna mji, na upande wa chini wa mji, katikati, kuna jina, yaani yale maneno yake. Mpangilio huo haubadilishwi ovyo, na ndiyo maana mtu aliye mbali hujua moja kwa moja macho yake ayapeleke wapi ili asome. Ukurasa umejengwa vivyo hivyo. Pindo lake ni pambizo, mji wake ni eneo la matini, na jina lake ni kichwa cha habari. Tofauti ni kwamba pambizo huachwa tupu, macho yapate kupumzika na kidole gumba kipate pa kushika bila kufunika maneno. Mwanafunzi huona nafasi tupu akadhani ni hasara, akaijaza. Hapo mimi humuuliza: kanga isiyo na pindo ungemnunulia mama yako?

Je, wajua kuwa karatasi moja ya A4 ina uzito wa gramu 5?

Chukua rimu ya kawaida iliyoandikwa gramu 80. Namba hiyo ni uzito wa mita moja ya mraba. Karatasi ya A0 ina eneo la mita moja ya mraba kamili. Ikunje mara nne, kila mara katikati ya urefu wake, utapata A4, ambayo ni sehemu ya 16 ya ile ya kwanza. Gawa 80 kwa 16: gramu 5. Rimu ya karatasi 500 basi ni kilo 2 na nusu, na unaweza kuihakikisha kwenye mizani ya duka lolote.

Siri ya vipimo hivi ni kwamba kila ukikunja karatasi katikati, umbo lake halibadiliki. A4 ni milimita 210 kwa 297, na nusu yake, A5, ni milimita 148 kwa 210. Kanuni hii iliwekwa Ujerumani mwaka 1922, na faida yake unaiona kila siku: tangazo lililosanifiwa kwa A4 hupunguzwa likawa A5 bila kuvutika wala kukatwa kichwa.

Je, wajua kuwa unaweza kuhesabu mistari ya ukurasa kabla hujaandika hata neno moja?

Ukubwa wa herufi hupimwa kwa pointi, na inchi moja ina pointi 72. Tuseme unapanga jarida la skuli kwa A4, pambizo milimita 20 kila upande. Umebakiwa na upana wa milimita 170 na urefu wa 257. Upana ugawe safu tatu zenye nafasi ya milimita 5 kati yake: kila safu itapata milimita 53 na ushei. Herufi ziwe pointi 10, na kutoka mstari hadi mstari ziwe pointi 12, yaani milimita 4.23. Gawa 257 kwa 4.23, utapata mistari 60 kwa kila safu.

Sasa ukurasa unaujua. Habari ya mistari 90 itajaza safu moja na nusu, na nusu iliyobaki inaweza kuchukua picha ya timu ya skuli ikicheza kiwanja cha Amani. Ile nafasi kati ya mistari, wachapaji wa zamani waliipata kwa kuchomeka vipande vyembamba vya risasi, mstari baada ya mstari, kwa mkono. Leo unaandika 12 kwenye kisanduku.

Je, wajua kuwa kosa la herufi moja Unguja liligeuka kitu cha thamani?

Mwaka 1895, Zanzibar ilipokuwa ikianza huduma yake yenyewe ya posta, ilitumia kwanza stempu za India zilizogongwa juu yake neno “Zanzibar”. Kazi hiyo ilifanyika hapahapa mjini, katika ofisi ya gazeti la serikali, Zanzibar Gazette, lililoanza mwaka 1892. Baadhi ya stempu zilitoka zimeandikwa “Zanzidar”. Wakusanyaji wa stempu duniani huzitafuta mpaka leo.

Kosa lenyewe tunaweza kulielewa. Herufi ya risasi huundwa kinyume, kama uionavyo katika kioo, ili ikigonga karatasi isomeke sawa. Mkononi mwa mpangaji, b huonekana kama d, na d huonekana kama b. Alikuwa anapanga neno dogo sana, la jina la nchi analolijua vizuri, na mazoea ndiyo yanayolaghai macho. Ndiyo maana huwafundisha wanafunzi wangu kusoma vichwa vya habari kutoka neno la mwisho kurudi la kwanza. Neno likitoka katika mazoea yake, kosa lake huonekana.

Je, wajua kuwa matbaa za Unguja zilipanga kurasa kwa mielekeo miwili?

Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika Zanzibar mwaka 1864, na miongoni mwa waliofundishwa kazi ya kupiga chapa katika misheni yake walikuwamo vijana waliookolewa kutoka utumwani. Mwaka 1888 misheni hiyo ilianza kuchapisha Msimulizi kutoka Kiungani, moja ya majarida ya mwanzo kabisa ya Kiswahili. Huku nyuma Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikwisha kuanzisha matbaa yake iliyochapisha vitabu vya Kiarabu, vikiwamo vya fiqhi ya Kiibadhi.

Kisha yakaja magazeti. Samachar la Kigujarati lilianza mwanzoni mwa karne ya 20, Al-Najah la Kiarabu mwaka 1911, na Al-Falaq, lililochapishwa kwa Kiarabu na Kiingereza, mwaka 1929. Fikiria maana yake kwa mpangaji. Ukurasa wa Kiarabu huanzia kulia, na kitabu chake hufunguliwa upande ambao msomaji wa Kiingereza angeuita mwisho. Mji mmoja mdogo ulikuwa na mafundi wa mielekeo yote miwili. Leo kijana wa Amani anayepanga kadi ya harusi yenye aya ya Kurani juu na Kiswahili chini anaifanya kazi ileile. Kosa kubwa analopaswa kulikwepa ni kunakili Kiarabu kwenye programu isiyokijua: herufi huachana, zikasimama mojamoja, na mpangilio wake ukageuka. Mpe ustadhi aisome kabla ya kuchapa.

Je, wajua kuwa neno “Ng’ambo” linaweza kuvunjwa vibaya na kompyuta?

Programu nyingi hukata maneno mwisho wa mstari kwa kanuni za Kiingereza, usipoziambia lugha yako. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, hivyo kitabu hukatwa ki-ta-bu. Kwa kanuni ngeni unaweza kukuta “kit-abu”, na msomaji akajikwaa. Ng’ambo, sehemu ya mji ambayo Amani imo ndani yake, hukatwa ng’a-mbo. Alama ile ya juu ni sehemu ya sauti, haitenganishwi na ng iliyo mbele yake hata siku moja. Programu isipokuwa na kanuni za Kiswahili, zima ukataji wa maneno kabisa, kisha ukate kwa mkono pale penye shida tu.

Je, wajua kuwa shairi ndilo humtesa zaidi msanifu wa gazeti?

Mshororo wa shairi letu lililozoeleka una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Upana wa safu ya milimita 53 hauutoshi kwa herufi za pointi 10. Mpangaji asiyejua ushairi huacha programu ivunje mshororo popote, na vina vya kati vikapotea. Anayejua ana njia mbili. Ama hulipa shairi upana wa safu mbili, kila mshororo ukakaa mzima. Au huvunja kila mshororo katikati, baada ya mizani ya nane, utao ukaingia ndani kidogo chini ya ukwapi. Kwa njia zote mbili, macho yanasikia vina kabla mdomo haujavitamka.

Je, wajua kuwa kijitabu cha kurasa 10 hakipigiki pini vizuri?

Ustadhi mmoja alileta dua zake, kurasa 10 kamili, akitaka kijitabu cha kukunja na kupiga pini katikati. Nilichukua karatasi moja nikaikunja mbele yake. “Ustadhi, hii moja ina kurasa ngapi?” Akahesabu: nne. Ya pili ikiingia ndani yake, nane. Ya tatu, 12. Kumi haipo. Alifikiri kidogo, akaongeza ukurasa wa jina la chuo mwanzoni na ukurasa mtupu mwishoni wa mwanafunzi kuandika jina lake. Kijitabu kikawa kizuri kuliko alivyokusudia.

Na hapa pana jambo la kupendeza. Kwenye kijitabu cha kurasa 8, ukurasa wa 8 huchapwa kando ya wa 1, wa 2 kando ya wa 7, wa 6 kando ya wa 3, na wa 4 kando ya wa 5. Jumlisha kila jozi: daima ni 9. Kijitabu cha kurasa 12 hutoa 13, cha 16 hutoa 17. Idadi ya kurasa ongeza moja, ndiyo hesabu ya kujihakikishia kabla wino haujapotea.

Je, wajua kwa nini picha nzuri ya simu hutoka na ukungu ikichapwa?

Picha ya kuchapwa huhitaji nukta 300 katika kila inchi. Ukurasa mzima wa A4 basi unataka pikseli 3,508 kwa 2,480. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp hubanwa ili isafiri haraka. Ikifika na pikseli 1,600 tu kwa urefu, itatosha sentimita 13 na nusu, si zaidi. Mwambie mteja akutumie picha kama faili la hati, au aje nayo kwenye fleshi.

Je, wajua kuwa milimita 3 huokoa kazi nzima?

Kanga mpya huuzwa doti nzima, mbili zikiwa zimeshikana, na mwenye nayo huzikata kisha akazipinda. Kiwandani wanajua mkono wa mkataji hauendi sawasawa. Kalenda na kadi nazo ni hivyo. Ikiwa rangi inafika ukingoni, ipitishe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia kila upande. Kadi ya A5 basi huandaliwa kwa milimita 154 kwa 216. Usipofanya hivyo, kisu kikiteleza kidogo tu huacha uzi mweupe ukingoni.

Je, wajua kuwa programu ya kwanza kuleta kazi hii mezani kwa watu wa kawaida ilitoka mwaka 1985?

Ni PageMaker, ya kampuni ya Aldus iliyoanzishwa na Paul Brainerd mjini Seattle. Jina Aldus lilitokana na Aldus Manutius, mchapaji wa Venice ambaye mwaka 1501 alichapa kitabu kwa herufi za mlazo tunazozitumia hadi leo. Adobe iliinunua Aldus mwaka 1994, na InDesign ikatoka mwaka 1999. Kwa asiye na fedha ya leseni ipo Scribus, isiyo na malipo, ambayo toleo lake la 1.6.0 lilitoka Januari 2024.

Zote zina misingi mitatu. Kwanza, maneno hukaa ndani ya fremu unayoichora mwenyewe, na fremu huunganishwa ili habari itiririke kutoka safu hadi safu. Pili, kuna ukurasa mama, unaobeba pambizo na namba za kurasa kwa niaba ya kurasa zote. Tatu, kuna mitindo ya aya: ukibadilisha mtindo mara moja, vichwa vyote vya habari hubadilika pamoja. Jifunze haya matatu na utaweza kuhamia programu yoyote.

Mwanafunzi akishayaelewa, humpa zoezi moja tu la kuanzia. Aende nyumbani, aombe kanga moja, aipime kwa futi: upana wa pindo, urefu wa mji, na jina limekaa umbali gani kutoka ukingoni. Akirudi, tunavigawa vipimo vyake vyote kwa kiwango kimoja mpaka vienee ndani ya karatasi, na tunachora ukurasa wake wa kwanza.