Umehama Mji? Usiache Uhuru Wako Stendi

Je, umewahi kushuka kwenye Kosta jioni, begi mkononi, katika mji ambao humjui mtu zaidi ya yule aliyekuja kukupokea? Kama umefika Tunduma unajua ninachosema. Malori yamepanga foleni kuelekea mpakani, bei zinatajwa mara kwa shilingi mara kwa kwacha, makonda wanaita "Mbeya, Mbeya, Mbeya!" na wengine "Sumbawanga!" Na wewe umelikumbatia begi kana kwamba lina miguu.

Hebu mfikirie msichana wa kidato cha pili anayetoka kijijini Ileje kuja kuishi na shangazi yake Tunduma ili asome. Kule kwao alikuwa mtu mzima kwa namna yake. Alichota maji, alipika, aliwaogesha wadogo zake, na alikuwa na kuku wake watatu. Mayai ya kuku wale ndiyo yaliyomnunulia pedi na kalamu. Hakumwomba mtu. Sasa yuko mjini. Nyumba ina umeme, bomba liko uani, na shangazi ni mkarimu kweli kweli. Lakini haruhusiwi kutoka baada ya saa kumi na mbili, hana kuku, hana hata senti, na siku zake zimekaribia. Anaona haya kumwambia shangazi. Basi anachana khanga kuukuu, anaifua usiku na kuianika chini ya kitanda.

Watu hudhani ukija mjini ndipo unapata uhuru. Huyu amekuja mjini akaupoteza! Tuone anaweza kuurudisha vipi.

MKOA WA WATU WA SAFARI

Songwe ni mkoa mchanga. Ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, makao makuu yake yakawa Vwawa. Lakini safari za watu wake ni za zamani. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inapita Mlowo, Vwawa na Tunduma. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo inavukia mpaka hapo hapo. Kutoka Tunduma barabara nyingine inakata kwenda Sumbawanga. Ukivuka mpaka uko Nakonde, Zambia.

Kwa hiyo ukiingia darasa lolote la Tunduma na kuuliza "kwenu wapi?" usishangae mtu akianza kufikiri. Baba ni dereva, leo yuko Kongo anapakia shaba, wiki ijayo yuko bandarini Dar. Mama anafuata mchele Kamsamba. Kaka anachuma kahawa Mbozi msimu ukifika. Mtoto mwenyewe amesoma darasa la kwanza Ileje, la nne Mbalizi, na sekondari yuko Tunduma kwa shangazi.

Kuhama si ugonjwa. Ila ukihama, kuna mambo madogo yaliyokuwa yakienda yenyewe ambayo yanakatika bila wewe kujua. Kule nyumbani ulijua pedi zinatoka wapi, dawa iko kabati gani, na ukiumwa usiku unamwamsha nani. Ukifika kwingine, yote hayo yanafutika kama ubao wa darasa.

Neno kujitegemea tumelisikia tangu Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. (Wengi wetu tulilielewa kuwa ni kupalilia maua mbele ya ofisi ya mkuu wa shule, lakini hayo tuyaache.) Wapo vijana wanaodhani maana yake ni kukaa peke yako bila mtu wa kukuuliza. Mimi naona kijana aliye chini ya paa la shangazi, anayejua mwili wake unataka nini na anaweza kukisema, anajitegemea kuliko yule mwenye chumba chake ambaye hajui zahanati iko wapi.

SHANGAZI HASOMI MAWAZO

Turudi kwa yule msichana. Kitambaa kilichokauka chini ya kitanda hakikauki sawasawa. Unyevu huleta vijidudu na ukungu, na hivyo huleta muwasho na harufu. Kitambaa ni kitu kizuri tu kama kinafuliwa kwa sabuni na maji safi, kinaanikwa juani, na hukai nacho zaidi ya saa 4 hadi 6. Ukiona haya kuanika uani penye wapangaji wengine, tandaza khanga nyepesi juu yake kambani. Jua litapenya.

Lakini tatizo lake kubwa si kitambaa. Ni kwamba hajafungua mdomo. Ngoja siku ambayo shangazi hana haraka, labda mnachambua mchele, kisha sema hivi:

"Shangazi, nina jambo naomba tuongee. Kule nyumbani nilikuwa nauza mayai, napata hela ya pedi. Hapa sina njia hiyo, na kila mwezi nahitaji. Naomba tuangalie tutafanyaje."

Shangazi wengi watajibu, "He! Mwanangu, mbona hukusema siku zote?" Angalia kwamba hukulalamika, na hukuomba tu. Umeeleza hali, umeonyesha kuwa huko nyuma ulikuwa unajimudu, ukamshirikisha. Labda mtapatana kwamba Jumamosi utakaanga karanga za kuuza pale nje, na sehemu ya faida iwe yako. Hao ni kuku wako wa mjini.

Kama shangazi si mtu wa kuambilika, mtafute mwalimu wa malezi shuleni, au matroni. Ni kazi yao.

DAWA ZAKO NI ZAKO

Hapa naomba usome taratibu, hata kama wewe ni mzima kama ng'ombe, kwa sababu rafiki yako huenda si mzima.

Kuna wanafunzi wanaotumia dawa kila siku: wenye kifafa, wenye pumu, wenye selimundu, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wengine tangu kuzaliwa. Nyumbani mama alikuwa anakumbusha, na kadi anaitunza yeye. Siku ya kuhama kila mtu anashughulika na godoro na ndoo, na kadi ya kliniki inabaki kwenye droo. Dawa zinaisha baada ya wiki mbili. Kijana anaona haya kuanza kujieleza upya kwa watu wageni, anasema "nitachukua nikienda likizo."

Mwenye kifafa akikatisha dawa ghafla, degedege linaweza kurudi tena kwa nguvu, pengine akiwa jikoni karibu na moto. Mwenye VVU akiziruka ruka, virusi vinaongezeka na vinaweza kuzizoea dawa, ndipo zinaacha kufanya kazi. Akizitumia vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, anaishi maisha marefu na hawezi kumwambukiza mwenzi wake kwa kujamiiana. Mwenye kifua kikuu naye, ambaye tiba yake kwa kawaida ni miezi 6, akiacha njiani kwa sababu ameacha kukohoa, anaweza kurudi na kifua kikuu sugu ambacho kutibu ni kazi ngumu zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kuhama, nenda wewe mwenyewe kliniki. Sema, "Nahamia Tunduma, nitakaa mpaka likizo." Mhudumu anaweza kukuandikia barua ya uhamisho, au kukupa dawa za muda mrefu zaidi. Piga picha kadi yako kwa simu ya mtu unayemwamini. Usihamishie vidonge kwenye kopo la pipi ili kuficha; jina la dawa likipotea, hata daktari hawezi kukusaidia haraka. Na kule uendako, chagua mtu mzima mmoja wa kumweleza. Mmoja anatosha. Siri yako ni mali yako, lakini siku ukianguka lazima awepo mtu anayejua cha kumwambia nesi.

Na kama hujui hali yako? Tangu mwaka 2019 sheria inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila kungoja ridhaa ya mzazi.

Hali ya hewa nayo ina maneno yake. Vwawa na Mlowo ni baridi, hasa Juni na Julai, na baridi huweza kumletea mwenye selimundu maumivu makali ya mifupa. Sweta na maji mengi ya kunywa si urembo kwake. Ukitoka milimani kushuka bonde la Kamsamba kwenye joto, mwili wako haujazoea malaria kama wenyeji. Beba chandarua, na ukipata homa kapime siku hiyo hiyo. Usinunue vidonge dukani kwa kubahatisha.

GHETO NA JIKO LA MKAA

Wengine mnasoma mbali na nyumbani, mmepanga chumba wenzenu watatu karibu na shule. Gheto! Hakuna wa kuwauliza mmerudi saa ngapi. Ni bomba, sikatai. Ila nizungumzie jambo moja linaloua kimya kimya.

Usiku wa baridi mmemaliza kupika ugali, mkaa bado mwekundu. Mmoja anasema, "Ingizeni jiko ndani tuote." Mlango unafungwa, dirisha limezibwa kwa gunia. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, huwezi kuihisi. Inakaa mahali pa oksijeni katika damu. Kwanza kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Wengi hawaamki. Ukimkuta mwenzako katika hali hiyo, mtoe nje kwenye hewa mara moja na mkimbize hospitali. Jiko lipikie nje na lilale nje. Baridi ni ya blanketi.

WAZAZI WAKISAFIRI NA WEWE UKABAKI

Wakati mwingine wewe huhami, wanahama wao. Baba yuko njiani, mama ameenda Sumbawanga siku nne, na wewe wa kidato cha tatu umeachiwa wadogo wawili. Majirani wanakusifu: "Huyu mtoto anajitegemea!" Moyoni unaogopa, na usiku huwezi kulala vizuri. Kichwa kinauma, tumbo linakata, na darasani unasinzia. Hiyo si deko. Mwili unasema mzigo ni mkubwa.

Unayo haki ya kumwambia mama kabla hajaondoka: nani mtu mzima atakayelala hapa au kupita jioni? Mtoto akichemka usiku nimgongee nani, na hela ya zahanati iko wapi? Mtoto mdogo mwenye homa kali au anayeharisha hasubiri basi la kutoka Sumbawanga. Mzazi mwenye busara hatakasirika kuulizwa hivyo. Akikasirika, rudia kwa upole, au mwombe bibi au mama mdogo akusemee.

LIFTI, CHIPSI NA VOCHA

Mji wa mpakani una watu wengi wanaopita na hela mfukoni, na wengine wanajua mwanafunzi mgeni ni yupi. "Panda nikufikishe." "Chukua hii ya vocha." Msichana aliyekosa hela ya pedi ndiye anayewindwa kwanza, ndiyo maana nilianza na kuku.

Jua sheria. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mtu anayefanya ngono na msichana asiye mke wake aliye chini ya miaka 18 amebaka, hata kama msichana alikubali. Nanyi wavulana msijione mko salama. Nanyi mnaingiliwa kwa nguvu, na wengine mnashawishiwa kuacha shule mkawe tandiboi, mnajikuta mbali na kwenu, hamna hati ya kusafiria wala nauli.

Likitokea la kutokea, usioge, usifue nguo, nenda kituo cha afya haraka. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya siku 5. Zote mapema ni bora. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Simu namba 116 ni ya watoto, ni bure, na hata ukiishia kulia tu watakusikiliza.

SIKU YA KURUDI LIKIZO

Hili hakuna anayekuandaa nalo. Unarudi Ileje ukiwa umezoea kupanga mambo yako, na mama anakuuliza kama umenawa mikono. Baba anakupokea kama mgeni, hataki ushike jembe. Usiku unatamani Tunduma, na ukiwa Tunduma ulitamani hapa. Wengi hupata hivyo, na kwa kawaida wiki moja inatosha kutulia. Shika kazi moja ya zamani uifanye bila kuambiwa, na moja mpya uliyojifunza mjini uwaonyeshe. Zile karanga, kwa mfano.

Na usiende bandani kwa hasira. Jogoo aliliwa Krismasi. Mitetea miwili iliyobaki anaitunza mdogo wako sasa, na mayai anauza yeye. Mwachie. Ana pedi za kununua mwakani.