Bustani ya Umma Ifunguliwe, na Mbwa Waingie

Kila inapozungumziwa hali ya bustani za umma jijini Nairobi, dawa inayotajwa ni ileile: ua, mlinzi langoni, kiingilio kidogo, na kibao chenye orodha ndefu ya makatazo ambamo mbwa hakosi kuwemo. Nia huwa njema. Mzazi anataka kumwachia mtoto akimbie kwenye ukoka bila kuangalia nyuma kila dakika, na anadhani kadiri wanaoingia wanavyopungua ndivyo hatari inavyopungua. Hesabu hiyo ina kasoro. Bustani huwa salama kwa sababu ya waliomo ndani yake, hasa wakija saa mbalimbali za siku. Kiingilio na marufuku ya mbwa huwafukuza watu wale wale ambao wangeilinda bila kulipwa mshahara.

Hoja hii si ngeni. Jane Jacobs aliitetea kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu miji ya Marekani. Aliilinganisha mifano miwili ya Philadelphia, Rittenhouse Square na Washington Square, viwanja vya zama moja katika ramani ileile ya jiji. Cha kwanza kilizungukwa na nyumba, maduka na ofisi, kwa hiyo asubuhi walipita wakazi, baadaye wakaja akina mama na watoto wao, mchana wafanyakazi, jioni wapenzi na wazee. Cha pili kilizungukwa na takriban ofisi pekee. Kilijaa saa ya chakula cha mchana, kisha kikabaki ukiwa, na ukiwa huo ndio uliowaita watu ambao familia huwakimbia. Jacobs hakuona tofauti hiyo ikitokana na maua au viti. Aliiona katika ratiba za majirani. Mtu akikipima kiwanja chochote cha Nairobi kwa kipimo hicho, swali la kwanza halitakuwa kina walinzi wangapi. Litakuwa nani yumo humo saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumanne, mvua ikinyesha manyunyu.

Jibu la miji mingi ni fupi: mwenye mbwa. Familia hungoja Jumapili, wanafunzi hungoja likizo, lakini mbwa hajui sikukuu wala baridi ya Julai. Prospect Park ya Brooklyn, mjini New York, bustani ya zaidi ya ekari 500 iliyoanza kupokea watu mwaka 1867 na isiyotoza kiingilio, imeifanya tabia hiyo kuwa utaratibu. Asubuhi kabla ya saa tatu, na usiku kuanzia saa tatu hadi bustani inapofungwa, mbwa huruhusiwa kukimbia bila kamba katika nyanda maalumu za majani. Saa nyingine zote hufungwa kamba fupi, na viwanja vya michezo ya watoto hawaingii kabisa. Mwenye mbwa anatakiwa awe na leseni na uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Hata huko mpango huo haukupita kimyakimya. Mwaka 2006 chama cha wakazi wa Queens, eneo jingine la jiji hilo, kiliushtaki mahakamani kikashindwa, na baadaye jiji likauweka katika kanuni rasmi. Bustani ni ileile, lakini inagawanywa kwa saa: mbwa anapata alfajiri, mtoto anapata mchana, na mtembea kwa miguu anakuta watu wakati wote.

Sasa tulitazame suala la pesa. Mtu anayesema shilingi mia si kitu anahesabu kichwa kimoja. Familia ya baba, mama, nyanya na watoto watatu kutoka Kayole imeshalipa matatu kwenda na kurudi, imenunua maji na njugu, na bado haijafika langoni. Hapo kiingilio hakichuji wahalifu, maana mwizi wa simu analipa na kurudisha gharama yake kabla ya saa sita. Kinachochujwa ni ukubwa wa familia. Najua nitaelekezwa Karura, na ni haki. Msitu ule wa zaidi ya hekta 1,000 uliwahi kuogopwa. Leo una watoto wenye baiskeli na mbwa waliofungwa kamba, na kwa muda mrefu ada ya langoni imekuwa nguzo ya uendeshaji wake. Lakini Karura ni msitu wenye mito, maporomoko na ua wa umeme wa kutunzwa. Kilichofukuza woga kule ni maskauti na wingi wa wageni, mambo ambayo ada iliyalipia tu. Mvutano wa mwaka 2025 kuhusu kupitisha malipo hayo kwenye eCitizen, mfumo wa malipo wa serikali, ulionyesha pia udhaifu wa njia hiyo: mahali panapoishi kwa tiketi, vita vya kwanza huwa ni nani ashike sanduku.

Historia ya jiji hili inatoa ushahidi mwingine. Mwaka 1989 serikali ilipotaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, mwanamazingira Wangari Maathai aliweza kuipinga kwa sauti iliyosikika kwa sababu kila Mkenya aliyefika Nairobi alikuwa ameketi pale bila kuombwa senti. Bustani ya Jeevanjee, ekari 5 ambazo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi mwaka 1906, ilinusurika na mpango wa kuijenga mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa nguvu hiyohiyo, ikiongozwa na familia yake. Ardhi ya umma mjini ina maadui wenye ramani na fedha. Mtu hapiganii mahali alipowahi kupaona kupitia matundu ya ua tu.

Pingamizi zito zaidi halihusu pesa, linahusu mbwa mwenyewe, na anayelipuuza hajaishi nasi. Karibu vifo vyote vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa duniani huanzia kwenye jino la mbwa, na watoto ndio huumwa zaidi. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030, na wataalamu wanakubaliana kwamba angalau asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa hukatika. Kizuizi ni kuwafikia. Mbwa wengi wa mitaani kwetu hufungiwa kwenye kibanda mchana na kufunguliwa usiku walinde, hawajawahi kuona mtoto mgeni, na ukali wao huhesabiwa kuwa sifa. Kuwafukuza bustanini hakuwaondoi njiani. Bustani inayodai cheti cha chanjo kabla ya kuingia, na inayopokea daktari wa mifugo kila Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, ingempa mwenye mbwa sababu ya kuchanja ambayo tangazo la redio halimpi.

Yuko pia jirani Mwislamu. Wengi wa Eastleigh na pwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate na unyevu wa mbwa kuwa najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwake mbwa anayekuja mbio kumnusa si kero ndogo. Ni nguo ya kubadilishwa kabla ya sala. Fikihi hiyohiyo inaruhusu kufuga mbwa wa ulinzi na mawindo, kwa hiyo hadai mbwa asiwepo duniani. Anadai nafasi. Kamba fupi, saa zinazojulikana na upande uliotengwa humpa nafasi hiyo kuliko kibao cha marufuku ambacho hakuna anayekisoma, wala askari wa kaunti wa kukisimamia.

Kinyesi kinabaki, na ndicho kitakachoamua. Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku Kenya, basi mwenye mbwa atumie karatasi (gazeti la jana linafaa kabisa, wahariri watusamehe), na faini iwe ya kweli. Na si kila bustani inafaa. City Park ina kima, ambao mbwa asiye na kamba angewasumbua au kusumbuliwa nao. Jeevanjee ni ndogo mno na mchana ni ya wahubiri na wanaopumzika. Uhuru Park, yenye karibu hekta 13, inaweza kubeba jaribio la miezi sita: upande mmoja, kabla ya saa tatu asubuhi, cheti mkononi, lango wazi kwa wote, na kaunti ihesabu walioingia kila saa na malalamiko yaliyoandikwa.