Afya ya Simba Husomwa kwenye Kundi Lake

Ukifika Seronera, katikati ya Serengeti, ukakuta magari ya watalii yamezingira mti mmoja, mara nyingi aliyelala chini yake ni dume mwenye manyoya meusi shingoni. Kamera zote zinamwelekea yeye. Mtafiti wa simba akifika hapohapo, macho yake huanzia kwingine. Huangalia tumbo: limejaa, au limebonyea nyuma ya mbavu? Huangalia pua, kwa sababu simba mdogo ana pua ya rangi ya waridi, na kadiri umri unavyosonga madoa meusi huongezeka, hata akifika miaka mitano au sita nusu ya pua huwa nyeusi. Huangalia vidoa vilivyo juu ya mistari ya masharubu, maana mpangilio wake humtofautisha simba mmoja na mwingine. Njia hiyo ya utambuzi ilianzia kwa watafiti waliofanya kazi katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Akishamaliza hapo, anawatafuta majike na watoto, na hesabu yenyewe ndipo inapoanza.

Naandika haya kwa sababu naona simba anazungumzwa mno kama mnyama mmoja mmoja: huyu mkubwa, huyu mzee, huyu mgonjwa. Miaka mingi ya utafiti wa Serengeti, ulioanza mwaka 1966 na George Schaller na baadaye ukaendelezwa kwa muda mrefu na Craig Packer na Anne Pusey, umetufundisha jambo tofauti. Simba mwenye misuli na tumbo lililojaa anaweza kuwa katika kundi linalokufa. Simba aliyekonda mwezi wa kiangazi anaweza kuwa katika kundi imara ambalo mwakani litakuwa na watoto kumi.

Wenye kundi ni majike. Mama, mabinti, dada, mashangazi na wajukuu huishi kwenye eneo moja kizazi hadi kizazi, wawili watatu au hata zaidi ya kumi, ingawa ni nadra kuwakuta wote pamoja. Hutawanyika katika vikundi vidogo na kukutana tena, wakisuguana vichwa kusalimiana. Zamani ilidhaniwa kwamba wanaishi pamoja kwa ajili ya kuwinda. Vipimo havikuunga mkono dhana hiyo. Jike anayewinda peke yake mara nyingi hupata nyama ya kumtosha, na mawindo makubwa ya pamoja huishia katika kugombania mlo. Kinachowaunganisha ni ardhi na watoto. Mahali bora kabisa pa simba ni pale mito inapokutana: pana maji mwaka mzima, pana kivuli, pana vichaka vya kunyemelea pundamilia na nyumbu wanaokuja kunywa. Kundi lenye majike wengi hupashika mahali hapo, na kundi lenye wachache husukumwa pembeni.

Na simba wanajua kuhesabu wenzao. Mwaka 1994 Karen McComb, Packer na Pusey walichapisha majaribio ambamo waliwapigia majike wa Serengeti sauti zilizorekodiwa za simba wageni wakinguruma. Zilipotoka sauti za wageni watatu, jike aliyekuwa peke yake kwa kawaida hakusogea. Majike waliowazidi wageni kwa idadi waliinuka na kuelekea kwenye spika, huku wakigeuka nyuma kuona kama wenzao wanakuja. Kwa hiyo jike mmoja akifa kwa kunaswa na mtego wa waya, msiba haukomei kwake. Jirani atasikia mngurumo umepungua.

Madume ni habari nyingine. Huondoka nyumbani wakiwa na miaka miwili au mitatu, mara nyingi ndugu au binamu pamoja, na kutangatanga hadi wapate nguvu ya kuwang'oa madume wa kundi fulani. Muungano wa madume watatu au wanne hudumu zaidi kuliko dume mmoja, lakini hata huo kwa kawaida hukaa madarakani miaka michache tu. Wakiingia wapya, watoto wadogo wa wale waliofukuzwa huuawa. Ni jambo gumu kulitazama, na wapo wanaolichukulia kuwa ni ugonjwa au wazimu. Sababu yake ni ya kibayolojia. Jike anayelea hukaa mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kupata mimba nyingine. Akipoteza watoto, joto lake hurudi upesi. Dume ambaye muda wake ni mfupi hawezi kusubiri watoto wa mwingine wakue. Takriban robo ya vifo vya watoto wa simba katika Serengeti vilitokana na hali hii.

Hapo ndipo yanapoeleweka malezi ya pamoja. Jike hubeba mimba siku 110 hivi, akajitenga kuzaa, akawaficha watoto wiki kadhaa kwenye mawe au vichakani, kisha huwaleta kwa wenzake waliozaa karibu wakati mmoja naye. Watoto hunyonya kwa mama yao na wakati mwingine kwa shangazi aliyelala usingizi. Majike wakiwa pamoja huweza kumkabili dume mgeni. Jike peke yake hushindwa karibu kila mara. Mtafiti anayekuta watoto wanane wa rika moja anafurahi kwa sababu anasoma mambo mawili kwa mpigo: majike wameshikamana, na madume walioko wamedumu. Akikuta majike wengi wazima bila mtoto hata mmoja, au watoto wa umri mmoja tu na pengo refu nyuma yao, anajua kuna jambo lilitokea.

Mwaka 1994 jambo hilo lilitokea Serengeti nzima. Mapema mwaka huo simba walionekana wakitetemeka uso na miguu, wakipata degedege, wakayumba na kufa. Uchunguzi ulionyesha virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa ambao wengi waliamini hauwadhuru sana paka wa porini. Katika mfumo mzima wa Serengeti na Masai Mara, theluthi moja ya simba walitoweka, karibu 1,000. Ugonjwa ulifuata njia zilezile za maisha ya kijamii: kusalimiana kwa kusuguana, kulambana, kula mzoga mmoja pua kwa pua, kupigana na jirani mpakani. Fisi na bweha waliokuja kwenye mizoga ileile walisaidia kuvirusha virusi kutoka kundi hadi kundi.

Lakini damu za simba zilizokuwa zimehifadhiwa zilikuwa na siri. Zilipopimwa, zilionyesha kwamba distempa ilikuwa imeshapita kwa simba hao mara kadhaa miaka mingine bila kuacha maiti. Kwa nini 1994 iwe tofauti? Linda Munson na wenzake walitoa jibu mwaka 2008, na kwangu ni mojawapo ya kazi nzuri kabisa zilizofanyika juu ya wanyama wetu. Ukame mkali wa 1993 uliwadhoofisha nyati. Mvua ziliporudi, kupe waliongezeka na kuwajaa nyati hao wanyonge. Simba walipata chakula rahisi, wakala nyati kwa wingi, na pamoja na nyama wakapata kupe na vijidudu vya babesia vinavyoharibu chembe nyekundu za damu. Simba huishi na babesia kidogo maisha yake yote bila shida. Distempa ilipofika, ikaangusha kinga ya mwili, babesia ikafumuka, na mnyama aliyeonekana kushiba akafa. Makundi ambayo hayakuwa na mzigo mkubwa wa babesia yalipitiwa na virusi vilevile yakabaki salama. Mwaka 2001, baada ya ukame wa 2000, hadithi hiyohiyo ilijirudia kwa simba wa Kreta ya Ngorongoro.

Kreta ina majeraha yake ya zamani. Mvua zisizo za kawaida za 1961 na 1962 zilileta inzi wanaofyonza damu kwa wingi wa kutisha. Simba walijaa vidonda, wakapanda mitini na kuingia kwenye mashimo ya fisi wakiwakimbia, wakashindwa kuwinda. Kutoka makumi ya simba walibaki kama kumi hivi. Madume saba waliingia kutoka nje baadaye, kisha mlango ukawa kama umefungwa: madume waliokuwa ndani walikuwa wengi na wenye nguvu, na kila mgeni aliyeteremka alifukuzwa. Idadi ilipanda tena hadi karibu mia, ila wote walikuwa uzao wa simba wachache, wakizaliana wao kwa wao. Mtanzania Bernard Kissui, akiandika na Packer mwaka 2004, alionyesha kwamba chakula hakikuwa kikomo cha simba wa Kreta. Nyati na pundamilia walikuwepo wa kutosha. Magonjwa ya mara kwa mara ndiyo yaliyokuwa yakiwarudisha chini.

Chanjo ya mbwa wa vijiji vinavyozunguka Serengeti imepunguza kichaa cha mbwa na distempa vijijini, nami naiunga mkono kwa moyo wote kwa faida ya watoto wa watu kabla ya simba. Hata hivyo utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba virusi vya distempa vinaweza kuzunguka miongoni mwa wanyamapori bila kutegemea mbwa, hivyo chanjo peke yake haimalizi kazi. Kilicho mikononi mwetu zaidi ni kuziacha njia za madume wapya wazi kati ya Kreta na Serengeti, kupitia ardhi ya wafugaji, ambako simba aliyeua ng'ombe huweza kulipa kwa mkuki au sumu. Mfugaji anayepoteza fahali ana haki ya kusikilizwa. Na dume anayekufa pale huenda ndiye aliyekuwa akipeleka damu mpya.

Hoja ya umri inaangukia hapohapo. Mwaka 2004 Karyl Whitman na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba uwindaji wa kitalii ukiwagusa madume waliovuka miaka mitano au sita tu, idadi ya simba haitikisiki sana, kwa sababu dume wa umri huo ameshalea angalau uzao mmoja hadi kujitegemea. Akiuawa akiwa na miaka minne, watoto wake ndio wanaofuata. Tanzania iliweka kiwango cha miaka sita. Kukisimamia kunamtaka mwindaji atulie na darubini, aitazame ile pua, na awe tayari kuteremsha bunduki kama bado ina waridi jingi.