Land Rover ya uani: injini isitangulie breki

Mwenye Land Rover 109 iliyokaa miaka juu ya mawe uani kwake, Mhunze, ana njia tatu za kuipatia fedha. Anaweza kuiuza kwa kilo, chuma mbali na aluminiamu mbali. Anaweza kuiuza spea moja moja. Au anaweza kuifufua kwa kuitia injini ya kisasa zaidi na kuirudisha barabarani kubeba pamba, choroko na bidhaa za minadani.

Njia ya tatu ndiyo yenye faida kubwa kwenye karatasi, na ndiyo inayofilisi wengi. Sababu kubwa ni mpangilio wa matumizi: fedha zote huingia kwenye injini, na gari linabaki juu ya mawe likisubiri vitu vidogo ambavyo havikuwekewa bajeti.

Kwa nini gari kuukuu

Gari linaloingizwa nchini hutozwa ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki wa asilimia 25. Juu ya jumla hiyo huja Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Kwa hesabu hiyo, gari lenye thamani ya shilingi 100 bandarini hufikia shilingi 147.50 kabla ya tozo nyingine, na magari yenye umri mkubwa huongezewa ushuru wa bidhaa. Bado kuna safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Shinyanga.

Gari lililopo uani lilikwisha kulipiwa yote hayo zamani. Injini iliyotumika nayo ina kodi zake, lakini thamani yake ni sehemu ndogo ya thamani ya gari zima. Pengo hilo ndilo linalowapa mafundi wa chini ya mwarobaini kazi ya kufanya.

Biashara ya namna hii si ngeni duniani. California, Marekani, katika miaka ya 1930 na 1940, vijana walinunua Ford kuukuu za milango miwili kwa bei ya chakavu, wakazipunguza uzito na kuzifunga injini ya silinda nane ambayo Ford iliitoa mwaka 1932 ikiwa na nguvu za farasi 65. Magari hayo ya kuunda uani ndiyo yaliyoitwa hot rod. Wao walitafuta kasi, wakashindana kwenye mabwawa yaliyokauka kama Muroc. Mhunze kinachotafutwa ni mzigo na dizeli kidogo, ila hesabu ni ile ile: bodi rahisi, injini yenye nguvu kuliko ya asili.

Kuna somo moja la Marekani ambalo halina budi kutajwa. Ford za miaka ile zilikuwa na breki za kuvutwa kwa vyuma. Kampuni ilipohamia breki za mafuta mwaka 1939, waundaji makini walizitafuta breki hizo na kuzifunga kwenye magari ya nyuma zaidi. Walikwisha kujua kuwa gari lililoongezewa nguvu bila kuongezewa breki ni hasara inayosubiri siku.

Nguvu inapoongezeka maradufu

Injini ya asili ya dizeli ya lita 2.25 iliyofungwa kwenye Land Rover za miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa na nguvu za farasi 62. Injini ya 300Tdi ya lita 2.5, iliyotolewa mwaka 1994 na kuenea sana kwenye Land Rover 110, ina nguvu za farasi 111. Nguvu yake ya kuzungusha ni karibu maradufu: Nm 265 dhidi ya Nm 140 hivi.

Nguvu hiyo yote hupita kwenye klachi, giaboksi, propela, difu na shafti za ekseli ambazo ziliundwa kwa injini ndogo. Shafti za ekseli ya nyuma ndizo zinazojulikana kwa kukatika, hasa gari likiwa na mzigo na gurudumu moja likinasa kwenye tope la mbuga. Dereva akikanyaga mafuta kujinasua, husikia mlio mmoja, na safari imekwisha.

Difu nayo ina hesabu yake. Difu ya asili ina uwiano wa 4.7 kwa 1: propela huzunguka mara 4.7 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Injini za Tdi zilitengenezewa difu ya 3.54 kwa 1. Ukiacha difu ya zamani, gari litavuta vizuri shambani, lakini likifika lami ya Kolandoto injini itapiga kelele kwa mwendo mdogo na kunywa dizeli bila sababu. Difu ya 3.54 huingia kwenye ekseli za asili za Rover. Haiingii kwenye ekseli nzito ya nyuma aina ya Salisbury, iliyofungwa kwenye 109 za miaka ya baadaye. Mnunuzi achungulie chini ya gari kabla ya kutoa fedha.

Chesisi ndiyo mtaji

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haili kutu kama bati. Ila panapokutana na chuma huliwa na kuwa unga mweupe. Haichomelewi kwa mashine ya kawaida ya vijiti. Mabamba yake hufungwa kwa ribiti. Kazi hiyo ni ya subira, lakini si ya fedha nyingi.

Chesisi ni habari nyingine. Ni mhimili wa chuma ulio wazi ndani kama bomba la pembe nne. Tope jeusi la Kishapu likiingia, hukaa na unyevu wake, na kutu huanzia ndani. Kwa nje rangi inaweza kuwa nzima. Kipimo cha fundi ni nyundo: gonga kuanzia mbele hadi nyuma, na hasa pale zinapofungwa springi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito, au nyundo huzama. Kipande kilichooza hukatwa hadi penye chuma kizima, ndipo bamba jipya lichomelewe. Kuchomelea bamba juu ya kutu ni kununua kazi ile ile mara mbili.

Mfano wa hesabu

Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, si bei za soko. Tuseme gari bovu ni shilingi milioni 3, injini milioni 5, difu, shafti na breki milioni 2.5, chuma na rangi milioni 1.5, ufundi milioni 2, na kadi, ukaguzi na bima shilingi laki 5. Jumla ni milioni 14.5.

Gari likibakiza shilingi 70,000 kwa siku baada ya dizeli na dereva, litarudisha mtaji kwa siku 208 za kazi. Likifanya kazi siku 90 katika kila msimu wa pamba, mtaji utarudi siku ya 28 ya msimu wa tatu.

Sasa tuseme mwenye gari alibana matumizi kwenye shafti na breki, na gari likalala siku 20 kila msimu likisubiri spea. Siku za kazi zinabaki 70. Mtaji utarudi siku ya 68 ya msimu huo wa tatu, yaani msimu ukikaribia kufungwa, na hapo gharama za matengenezo yenyewe hazijaingizwa. Siku 60 zilizolala kwa misimu mitatu ni shilingi milioni 4.2, fedha ambazo zingetosha kulipia difu, shafti na breki zote na kubakiza milioni 1.7.

Machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita ni soko la ziada nje ya msimu wa pamba. Wachimbaji wadogo huhitaji gari la kubeba maji, chakula na matimba ya kuegemeza mashimo. Lakini wao pia hutafuta injini za dizeli kwa ajili ya pampu na mitambo, hivyo mwenye gari asitegemee kuwa peke yake sokoni siku anapoitaka.

Karatasi nazo ni spea

Kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina namba ya chesisi na namba ya injini. Injini ikibadilika, kadi nayo lazima irekebishwe. Kwa hiyo injini isiyo na risiti, hata kama ni ya bei poa, inaweza kumweka mnunuzi matatani akidaiwa kuonyesha ilikotoka. Aidha, gari ambalo namba zake hazilingani na kadi huwa na mgogoro linapouzwa, na siku ya ajali bima huwa na la kuuliza.

Mpangilio unaolinda mtaji basi ni huu: kwanza kadi na nyundo ya chesisi, kabla ya kununua gari. Pili, uchomeleaji wa chesisi. Tatu, ekseli, difu na breki. Nne, injini yenye risiti, na marekebisho ya kadi. Rangi ni ya mwisho kabisa, na gari linaweza kuanza kazi bila kung'aa.

Ununuzi wa pamba kwa kawaida huanza Mei. Gari litakaloshuka kwenye mawe Aprili litaingia kazini na msimu wote mbele yake. Litakaloshuka Septemba, hata kama lina injini nzuri kuliko yote Mhunze, litakuwa limeanza na deni la mwaka mzima.